Shahidi wa Chini ya Jiwe

Ukitaka kuwagombanisha wapimaji ardhi wa zamani, usiwaulize habari za mipaka. Waulize ni kinywaji gani kinachofaa kutiwa katika kichupa cha mfukoni, kile cha chuma chenye tumbo lililopinda ili kikae vizuri kwenye nyonga, halafu wewe kaa pembeni utazame vumbi likitimka. Mzee Hatua aliwahi kuusikia ugomvi huo ukianza asubuhi ya mvua ndani ya hema na kuendelea mpaka mvua ilipokatika, watu wazima wenye wake na watoto wakirushiana maneno kama mawifi.

Kwa Bwana Pembe, aliyekuwa mkubwa wake wa kazi kwa miaka kumi na tisa, jambo hilo lilikuwa limekwisha amuliwa siku nyingi: brandi, basi. Brandi hupasha mwili moto bila kupiga kelele, alisema, na ikikaa kwenye chuma siku tatu haibadiliki tabia. Whiski ni ya wageni. Aliitia kichupani siku ambazo wakubwa wa ofisi walikuja kukagua kazi, kwa sababu wakubwa hupenda kunusa kwanza ndipo wanywe. Jini inanuka hospitali. Vodka haina habari. Unameza na hujui umeambiwa nini. Vinywaji vitamu ndiyo kabisa hakutaka kuvisikia, tangu safari ile mwenye shamba mmoja alipowapa chupa ya kinywaji cha machungwa wakakitia kichupani. Kesho yake sisimizi walijipanga mstari kutoka kwenye kizibo mpaka mfukoni, na kutoka mfukoni mpaka mahali ambapo Bwana Pembe hakupenda kupataja.

"Na ramu je?" Hatua alikuwa akimchokoza.

"Ramu ni ya mabaharia. Sisi tuko nchi kavu."

Hatua aliipenda ramu. Upendo huo aliurithi kwa mjomba wake, mpishi wa meli za mizigo, aliyekuja likizo na chupa moja tu kila mara na kumwonjesha mpwa wake kwa kijiko cha chai. Ile harufu ya sukari iliyoungua ilimwingia Hatua ikakaa. Lakini kichupa kilikuwa cha Bwana Pembe, na mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, kwa hiyo milimani walikunywa brandi.

Na wewe uliyekwisha kunja uso kwa kusikia habari za pombe, ukunjue. Kulikuwa na sheria, na Bwana Pembe hakuwa mtu wa kucheza na sheria. Hakuna aliyegusa kichupa mpaka mashine ya kupimia iingie kwenye sanduku lake na sanduku lifungwe vifungo vyote viwili. Hapo ndipo Bwana Pembe alipokaa juu ya jiwe, akafungua kizibo, akamimina kiasi cha kizibo kimoja kwa kila mtu, akasema, "Haya, sasa tumekuwa watu wa kawaida." Kizibo kimoja, jua likizama, miguu ikiuma. Mzee Hatua amekunywa vingi maishani, na mpaka leo hajapata kitu kilichofikia utamu wa kizibo kile.

Sasa ana miaka sabini na mitatu, na asubuhi hii alikuwa amekaa kitandani akifunga kamba za viatu vyake vya kazi, viatu ambavyo mkewe alikuwa amevitafutia sababu ya kuvitupa kwa miaka minane.

"Kumi na moja," alisema alipofika mlangoni.

"Jana pia zilikuwa kumi na moja," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Na juzi. Mlango haujahama, baba."

Ndiyo maana aliitwa Hatua. Alihesabu kila kitu: hatua za kwenda dukani, ngazi za zahanati, vifungo vya shati la mtu anayezungumza naye. Watu walidhani ni mazoea ya kazi. Mkewe naye alidhani hivyo, na Hatua hakuwahi kumsahihisha. Ukweli ni kwamba tabia ile ilikuwa na siku yake ya kuzaliwa, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa inamwita leo kilimani.

Binti wa Bwana Pembe alikuwa amempigia simu Jumapili. Baba yake alifariki mwaka juzi, na yeye alikuwa ameifuata kazi ya baba. Sasa ni mpimaji wa idara ileile, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye sauti ya kukata maneno kama mkasi.

"Baba Mdogo, nakuhitaji kwenye ule mlima wa shule. Jiwe la mpaka, lililokuwa limemezwa na majani mpaka hakuna anayekumbuka liliposimama, limeng'olewa na greda la barabara, na kiwanda cha mbao kinasema mpaka uko ndani ya uwanja wa shule. Wanasema baba alipima akiwa amelewa."

"Nani kasema?"

"Meneja wao. Kaandika kwenye barua. Na ana shahidi, mkata mbao mzee anayesema aliwaona kwa macho yake jioni ile mkisimika jiwe karibu na lile korongo dogo. Kumbukumbu za baba zinasema mita mia mbili kutoka jiwe mama, lile mlilolianzia kupima. Pale korongoni ni mia na themanini. Mita ishirini, Baba Mdogo. Kuna madarasa mawili na tangi la maji hapo katikati." Akashusha sauti. "Wewe ndiye pekee uliyebaki. Utakuja?"

"Nitakuja, mwanangu," alisema Hatua. Mkata mbao hakuwa mwongo. Jioni ile jiwe lilisimikwa pale pale korongoni, na aliyelifikisha hapo ni yeye Hatua.

Gari la idara lilimchukua nyumbani saa mbili. Binti aliendesha mwenyewe. Nyuma kulikuwa na mashine yake mpya inayozungumza na satelaiti, imelala ndani ya sanduku la plastiki lenye vifungo viwili kama lile la zamani. Mapajani alikuwa ameshika mfuko wa turubai. Ndani yake mlikuwa na pini.

Inafaa nikueleze hizo pini, maana kazi ile siku hizi haipo. Zamani ardhi ilipimwa kwa mnyororo wa chuma wa mita ishirini. Mtu wa mbele anauvuta, anachomeka pini ardhini pale unapoishia, wanasogea. Mtu wa nyuma anafika kwenye pini, anaing'oa, wanaendelea. Pini ni kumi, kila moja ina urefu wa mkono mpaka kiwiko, ina kitambaa chekundu kichwani na namba yake imegongwa kwenye chuma, moja mpaka kumi. Zinaning'inia kwenye pete. Kazi ya mtu wa nyuma ni moja tu ambayo hata mtoto angeiweza: kuzihesabu kabla ya kumkabidhi wa mbele, na kuzihesabu tena zinaporudi mkononi. Zikiwa kumi, anapiga kelele, "Kumi!" na mpimaji kule kwenye mashine anaandika mita mia mbili. Mpimaji haoni pini. Anaandika neno la mtu wa nyuma, na mtu wa nyuma alikuwa Hatua.

"Baba alikuwa akikitia nini kichupani?" binti aliuliza ghafla, walipoanza kupanda mlima.

"Brandi. Daima brandi."

"Mimi sinywi, unajua. Lakini naendelea kukijaza." Akagusa mfuko wa koti lake, na Hatua akasikia mlio wa chuma kwenye kucha. "Nikikibeba kitupu naona kama nimemsahau. Shuleni walikuwa wananiita mtoto wa mlevi, kwa ajili ya kichupa hiki. Walikiona kiunoni kwake tu, hawakumwona akikinywa. Nilipigana sana, Baba Mdogo. Nina jino moja la mbele si langu."

Hatua akatazama nje ya dirisha. Jino moja, akahesabu.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi na manyunyu, miaka thelathini na minane iliyopita. Mjomba wake mpishi alikuwa amefariki wiki mbili kabla, melini, akazikwa mbali mahali ambapo Hatua hajawahi kupaona. Kabla ya kuondoka mjini Hatua alinunua kibapa cha ramu, chupa ya kioo bapa yenye alama ya nanga, inayoingia kifuani mwa koti bila kutuna. Alijiambia atainywa jioni, sheria ikiruhusu, amkumbuke mjomba. Asubuhi ile wakipanda kutoka kambini, baridi ikiuma masikio, alionja kidogo. Halafu akaonja tena kwa sababu mara ya kwanza alikuwa na haraka. Walipofika kwenye jiwe mama, kibapa kilikuwa nusu na mjomba alikuwa karibu sana, karibu kuliko Bwana Pembe aliyekuwa anafunga miguu ya mashine hatua chache mbele yake.

Hakuzihesabu pini. Alimpa fungu zima kibarua wa mbele, wakaanza. Manyunyu yalikuwa yanamwingia machoni, alikuwa anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa mjomba. Pini za mbele zilipokwisha, akajua wamefika. Akainua mkono, akajaza mapafu na kupiga kelele bila kuangalia fungu lililokuwa mkononi mwake: "Kumi!"

Wakasimika jiwe jioni hiyo, pale korongoni. Na hapo palikuwa na desturi nyingine ambayo watu wa nje hawaijui. Chini ya kila jiwe la mpaka wapimaji walizika chupa tupu, mdomo chini, kina cha mkono mzima. Mtu mwenye tamaa huweza kuhamisha jiwe usiku. Hajui habari ya chupa. Bwana Pembe aliiita shahidi. Chupa za brandi zilizojaza kichupa chake kwa miaka yote ile zilikuwa zimelala chini ya mawe ya nchi nzima, zikisubiri kuulizwa.

"Shahidi yuko wapi?" aliuliza jioni ile.

Lakini brandi ya safari hiyo ilikuwa haijafika nusu. Chupa tupu haikuwepo. Yaani ilikuwepo, ndani ya koti la Hatua, juu ya moyo wake, na moyo ulikuwa unaigonga kwa ndani. Akanyamaza. Bwana Pembe akamtazama kitambo, akasema, "Basi leo tutazika mkaa." Wakazika mkaa, wakafukia.

Ni usiku huo, akizirudisha pini kwenye pete, ndipo Hatua alipozihesabu. Tisa. Akahesabu tena. Tisa. Namba saba haikuwepo. Kileo kilimtoka kichwani kama mtu aliyemwagiwa maji. Alikaa na pete ile mapajani, akijua maana yake vizuri kuliko mtu yeyote: jiwe limekosea mita ishirini. Alipaswa kwenda kwenye hema la Bwana Pembe na kusema. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na mtu aliyelewa kazini alikuwa anamwaga unga siku hiyohiyo. Badala yake alikata kipande cha waya wa uzio, akakinyoosha kwa nyundo, akakifunga kitambaa chekundu na kukitia kwenye pete mahali pa namba saba. Kibapa akakitupa vichakani nyuma ya hema. Asubuhi wakavunja kambi. Hawakurudi tena mlima ule, na tangu siku hiyo Hatua akawa mtu wa kuhesabu.

Uwanjani watu walikuwa wamekwisha fika. Mwalimu mkuu, mama mnene aliyefunga kitambaa cha kichwa kwa hasira, alisimama mbele ya madarasa yake mawili kama kuku mwenye vifaranga. Mlinzi wa shule alikuwa na jembe na sururu. Meneja wa kiwanda alivaa viatu vyeupe, na kila alipopiga hatua alivitazama.

"Mimi sina ugomvi na mtu," Meneja alisema. "Lakini naona ajabu. Mtoto atamhukumu baba yake?"

"Simhukumu mtu," binti alijibu, akiisimamisha mashine yake. "Nimetumwa kuchimba kwenye mita mia mbili, nione kama kuna shahidi. Kitakachotoka ardhini hakina ukoo na mimi."

Mashine ikalia mara tatu. Akachomeka kigingi kwenye majani, mita ishirini zaidi ya korongo, akamwambia mlinzi achimbe hapo. Akamgeukia Hatua, na usoni mwake, nyuma ya ukali wote ule, Hatua akamwona msichana mdogo aliyepigana uwanjani hadi jino likatoka.

"Baba Mdogo, itakuwepo?"

Angeweza kusema hajui. Mzee wa miaka sabini na mitatu ana haki ya kusahau; ndiyo faida pekee ya uzee. Hatua alifungua mdomo aseme hivyo, na ulimi ukakataa.

"Haitakuwepo," alisema, akamgeukia mlinzi. "Simamisha jembe kwanza, kijana wangu. Nina neno."

Akasema yote. Alisema mbele ya Meneja na mwalimu mkuu, akiwa ameshika mfuko wa turubai kwa mikono miwili. Alisema ramu, alisema kelele ya "Kumi!", alisema waya wa uzio. "Aliyelewa ni mimi," alimaliza. "Bwana Pembe hakuonja tone mchana wowote wa kazi. Kama jina la mtu litaandikwa kwenye barua ya ulevi, andikeni langu. Nimelificha miaka thelathini na minane, na mwenzangu amekufa akiitwa mlevi kwa ajili ya kichupa alichokifungua jioni tu."

Mwalimu mkuu akaketi juu ya mzizi wa mti. Meneja alikuwa wa kwanza kupata sauti, na lazima tumpe haki yake, hakuonekana kuufurahia sana ushindi wake.

"Mmesikia wenyewe. Mpaka ni korongoni. Kazi imekwisha, tusimchoshe mlinzi."

Binti hakumtazama Meneja. Alimtazama Hatua, macho yake yamejaa, na Hatua akangoja maneno ambayo alistahili. Hayakuja.

"Nimetumwa kuchimba," alimwambia mlinzi. "Chimba."

Mlinzi akachimba. Udongo wa juu ulikuwa mweusi, kisha ukawa mwekundu. Goti. Hakuna kitu. Meneja akatazama saa yake. Paja. Mlinzi akapumzika, akatema mate kwenye viganja, akashuka tena. Hatua alikuwa anahesabu mapigo ya jembe bila kutaka, arobaini na sita, arobaini na saba, na kwenye arobaini na nane jembe likatoa sauti ndogo ambayo kila mpimaji wa zamani angeitambua akiwa usingizini. Kioo.

"Taratibu!" binti alisema, akaruka shimoni mwenyewe, akapiga magoti na kuanza kufukua kwa vidole.

Chupa ilikuwa imesimama mdomo chini, kama inavyotakiwa. Haikuwa chupa ndefu ya brandi. Ilikuwa bapa, ndogo, ya kioo cha rangi ya chai. Alipoiinua, udongo ukadondoka na kila mtu akaona alama ya nanga iliyochongwa kwenye kioo.

Hatua akasogea hadi ukingoni mwa shimo.

"Hiyo ni ramu," alisema. "Hicho ni kibapa changu. Nilikitupa nyuma ya hema. Kambini hapakuwa na mnywaji wa ramu ila mimi."

"Kuna kitu kingine," binti alisema kutoka shimoni. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. Alivuta taratibu, na kikatoka chuma chembamba, chekundu kwa kutu, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Alikisugua kwa kidole gumba, akatema mate, akasugua tena. "Kimegongwa namba. Saba."

Hapo ndipo asubuhi ile nyingine ilipomrudia Hatua nzima nzima, asubuhi ya kuvunja kambi, ambayo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuitazama vizuri kwa sababu alikuwa anaitazama aibu yake. Bwana Pembe hakuwa hemani walipoamka. Alirudi jua likiwa limepanda, suruali imelowa umande mpaka magotini, jembe la kambi begani, akasema alikwenda kutazama jua linavyochomoza. Nani huenda kutazama jua na jembe? Na mgongo! Kwa wiki nzima alilalamika mgongo, akasema ni kitanda cha kambi kimemvunja, na Hatua mwenyewe ndiye aliyemkanda kila jioni kwa mafuta ya mikaratusi, akimtania kwamba uzee umempata mapema. Mtu mmoja, peke yake, alipima mstari upya alfajiri, akang'oa jiwe lile zito, akaliburuta mita ishirini na kulisimika mahali pake. Njiani aliokota pini iliyodondoka. Kibapa alikipata vichakani, ramu hainyamazi. Akavizika vyote viwili mahali ambapo mtu haangalii ila ugomvi umetokea.

"Alijua," Hatua alisema. "Alijua yote, na akaniacha nimkande mgongo."

Tangu wiki hiyo Bwana Pembe hakumwachia mtu mwingine kichupa hata kukibeba, kikawa hakibanduki kiunoni kwake, na mgao wa Hatua ulikuwa kizibo kimoja, kamwe si viwili hata siku za mvua ya mawe. Hatua alimwita bahili kimoyomoyo kwa miaka mingi.

Meneja alikuwa ameinama ukingoni mwa shimo, viatu vyeupe vimesahauliwa kwenye tope. "Na nitajuaje kama pini hiyo ni ya kazi ile?" aliuliza, lakini bila nguvu.

Hatua akafungua mfuko wa turubai. Siku idara ilipoacha minyororo na kuleta vyombo vipya, Bwana Pembe alimkabidhi pete ile iwe kumbukumbu. "Zihesabu," alimwambia mbele ya ofisi nzima, na Hatua, uso ukimwaka, alisema, "Kumi." Bwana Pembe akacheka kidogo, akampiga bega. Hatua aliona ni kicheko cha kuagana tu.

Sasa akaitoa pete na kumpa Meneja. Meneja akapitisha kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, kipande cha waya wa uzio, nane, tisa, kumi. Alirudia mara mbili. Kisha akaivua kofia yake, akamwambia mwalimu mkuu, "Mama, madarasa yako yako mahali pake. Barua ile nitaiandika upya, na jina la marehemu nitalisafisha kwa mkono wangu." Mwalimu mkuu akamjibu kwamba aiandike leo hii kabla kalamu haijakauka, naye Meneja akaona afadhali aondoke.

Binti alitoka shimoni na udongo mpaka viwikoni. Hatua hakuweza kumtazama.

"Ulipigwa kwa ajili yangu," alisema. "Jino lako lile. Nisamehe, mwanangu."

"Jino lilitoka, jipya likawekwa." Alijifuta macho kwa mkono wa shati, udongo ukambaki shavuni. "Miaka yote nilidhani labda ni kweli, Baba Mdogo. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniuma, wala si jino. Niliipima mistari yake kwa siri, mmoja mmoja, kila niliposafiri, nikitafuta kosa. Sikuwahi kulipata." Akavuta pumzi. "Na wewe umesema kabla ya jembe. Hukungoja."

Hakusema kwamba amemsamehe. Alikwenda kwenye mashine yake, akaizima, akaikunja miguu, akailaza kwenye sanduku na kufunga kifungo cha kwanza, kisha cha pili. Hatua alisikia vifungo vile vikilia, na mate yakamjaa mdomoni kama miaka ile.

Walikaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ikining'inia. Mlinzi alikaribishwa, akasema yeye ni mtu wa soda. Binti akatoa kichupa kutoka kwenye koti. Kilikuwa na kovu lilelile ubavuni, pale kilipoangukia mwamba siku moja Bwana Pembe alipoteleza akaokoa mashine kwanza. Akafungua kizibo, akamimina kikajaa, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Haya, Baba Mdogo. Sasa tumekuwa watu wa kawaida."

Hatua alikipokea kizibo, lakini hakunywa. Alikiweka kwenye nyasi kwa uangalifu, akaichukua pete. Vidole vyake vilikuwa vizito, na ule waya wa uzio ulikuwa umekaa pale miaka mingi, ulitoka kwa kulazimishwa. Akautupa shimoni. Akaichukua namba saba, akaifuta udongo kwenye goti la suruali na kuitia mahali pake, kati ya sita na nane. Kisha akazihesabu, moja moja, akizigusa zote, bila haraka, na mdomo wake ukizitaja.

"Kumi," alisema, akakiinua kizibo.